Minofu Inafika Ulaya, Malalamiko Yanaishia Getini: Namna ya Kuitumia Mikataba ya Biashara Ukiwa Mwanza

Mwongozo huu ni wa mwanamke anayesimama kwenye meza ya minofu ya samaki kiwandani, gambuti zimelowa maji ya barafu, analipwa kwa siku au kwa kilo, na akiulizia likizo ya uzazi anaoneshwa geti. Ni wa yule wa soko la samaki la Mwaloni pia, anayefunga magunia ya dagaa wa kwenda Burundi, Kongo au Kenya, halafu akifika mpakani anaambiwa "mama, hebu tuongee pembeni". Kazi zote mbili nimezifanya. Mezani nilidumu mpaka wenzangu wakanichagua katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sasa niko Mwaloni, na kinamama bado wananifuata na karatasi zao kwenye mifuko ya rambo.

Wanachouliza ni kimoja: hiyo mikataba inayosainiwa Brussels, Kigali au Arusha inanihusu nini mimi wa Igogo, hapa Mwanza? Nawajibu hivi. Mkataba peke yake hautakutetea hata siku moja. Unafanya kazi pale ambapo huku yupo mtu mwenye ushahidi, kule yupo mtu mwenye ruhusa ya kupeleka malalamiko, na hao wawili wanafahamiana. Yote ninayoeleza hapa ni namna ya kuwakutanisha.

Jua mzigo wako unapita mlango upi

Minofu ya sangara inayotoka kwetu kwenda Umoja wa Ulaya haitozwi ushuru wa forodha. Hiyo inatokana na mpango uitwao Everything But Arms, ulioanza 2001 kwa ajili ya nchi zenye maendeleo duni zaidi: kila bidhaa inaingia bure isipokuwa silaha na risasi. Watu wengi huuita mkataba, lakini ni sheria ya Ulaya wenyewe. Sisi hatukuweka saini popote, na wao wanaweza kuiondoa. Kinachotufaa ni sharti lililomo ndani: nchi inayonufaika ikivunja kwa kiwango kikubwa na kwa mfululizo mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, nafuu hiyo inaweza kusitishwa. Minne ya kuishika kichwani ni Na. 87 na Na. 98 (kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja), Na. 100 (malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa) na Na. 111 (ubaguzi kazini). Tanzania imeiridhia yote minne. Ziandike namba hizo nyuma ya daftari lako, maana mtu wa kule ukimtajia "111" anajua mara moja unazungumzia nini.

Dagaa wanaovuka Sirari, Mutukula, Rusumo au Kabanga wako chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Jumuiya, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umeutaja usawa wa kijinsia katika misingi yake, ibara ya 6, na una ibara mbili za wanawake, ya 121 na ya 122. Nitazirudia hizo.

Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza biashara rasmi Januari 2021. Halina sura ya haki za wafanyakazi. Lina Itifaki ya Wanawake na Vijana katika Biashara, iliyopitishwa na wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika Februari 2024. Isome, lakini usiache kazi ukaisubiri.

Halafu kuna mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika 1 Julai 2024, wenye vipengele vya haki za kazi na usawa wa kijinsia. Sisi hatumo. Novemba 2016 Bunge letu lilikataa Tanzania kuingia mkataba wa aina hiyo uliojadiliwa kwa ajili ya Jumuiya nzima, na sababu nilizozisikia redioni zilikuwa viwanda vyetu na mapato ya forodha. Sikatai, ni sababu nzito. Ila habari ya mwanamke aliyeko kwenye kiwanda ambacho tayari kipo sikuisikia. Mkataba wa Kenya umeacha nafasi kwa nchi nyingine za Jumuiya kujiunga, kwa hiyo mjadala ule unaweza kurudi wakati wowote. Ukirudi, tuwe tumejiandaa.

Sheria ya nyumbani kwanza

Karibu kila mkataba wa biashara wenye kipengele cha kazi hauleti haki mpya. Unaibana nchi itekeleze sheria zake na mikataba ya ILO iliyoridhia. Kwa hiyo usipojua sheria ya hapa, huna la kupeleka kule.

Yetu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ilifanyiwa marekebisho 2025, kwa hiyo dai toleo jipya, usikubali nakala ya zamani iliyofifia. Yanayotugusa zaidi mezani ni haya: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki; ovataimu ilipwe si chini ya mara moja na nusu; likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, na 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja; anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku; mjamzito asibaguliwe. Unyanyasaji kazini umewekwa humo kama sura mojawapo ya ubaguzi. Msimamizi akitaka ngono ndipo akupangie shifti, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu Na. 1. Migogoro mingine ni siku 60. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anafukuzwa, anasubiri meneja arudi safari, anambembeleza supavaiza, anakwenda kijijini kwa mama yake Sengerema kupoza kichwa, na siku zimepita. Bembeleza ukitaka, lakini fomu iwe imeshaingia.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mashauri mengi ya haki yakifa kwa kukosa karatasi.

Nunua daftari la mistari, dogo, la kuingia kwenye khanga. Simu haitoshi, maana viwandani simu zinabaki getini. Kila ukitoka shifti, kabla hujapanda daladala, andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kilo ulizopasua kama unalipwa kwa kilo, kiasi ulicholipwa, nani alikupangia kazi. Likitokea jambo, andika maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, hata kama ni matusi. "Alinitukana" haimsaidii msuluhishi, tusi lenyewe linamsaidia. Taja waliokuwepo kwa nafasi zao: aliyekuwa kulia kwangu mezani, aliyekuwa anasukuma toroli.

Kisha andika kitu ambacho wengi hawakifikirii: mzigo. Walio kwenye kufungasha wanaona lebo ya katoni. Ina namba ya idhini ya kiwanda, tarehe, namba ya lundo la uzalishaji, mara nyingine na jina la mnunuzi. Usiibe lebo wala usipige picha kwa siri, unaweza kufukuzwa kwa kosa halali na kuharibu kila kitu. Kariri, ukaandike nje.

Ninasisitiza lebo kwa sababu ya Guatemala. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani na vya huko vilifungua malalamiko 2008 chini ya mkataba wa biashara wa Marekani na nchi za Amerika ya Kati. Shauri lilikwenda mpaka 2017. Jopo la waamuzi lilikubali kwamba serikali ya Guatemala ilishindwa kusimamia amri za mahakama kuhusu wafanyakazi waliofukuzwa kwa ajili ya chama chao. Hata hivyo walalamikaji walishindwa. Mkataba ulidai ithibitishwe kuwa ukiukaji ulijirudia kwa mfululizo na kwa namna iliyoathiri biashara kati ya nchi hizo, na ushahidi wa hilo haukutosha. Miaka tisa! Kwa hiyo ukiandika kwamba ulifanya shifti mbili mfululizo bila ovataimu, andika na mzigo uliokuwa mezani usiku ule ulikuwa wa oda ya wapi. Na waandike wengi, wa shifti tofauti, kwa miezi, ili mfululizo uonekane.

Mambo ya ngono na aibu yana utaratibu wake. Kwenye daftari weka herufi, Mama A, Dada B. Orodha ya majina kamili ikae kwa mtu mmoja nje ya kiwanda, tena asiwe ndugu wa mfanyakazi yeyote. Hapa kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu.

Mkaguzi wa mnunuzi akija, siku hiyo glavu mpya zinatoka stoo na walipwaji wa siku wanaambiwa wapumzike nyumbani. Andika hilo pia: tarehe ya ukaguzi, waliozuiwa getini wangapi. Ripoti yake ikisema hapana vibarua, daftari lako litasema vingine.

Kulipandisha jambo

Anza na tawi. Kama hakuna tawi, andikisheni wanachama kwanza. Chama chenye wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wa eneo husika ndicho mwajiri analazimika kukitambua na kujadiliana nacho. Barua kwa mwajiri, kisha ofisi ya kazi, kisha CMA. Hata ukijua utashindwa, pita ngazi hizo, kwa sababu kila ukiandika nje utaulizwa: mlifanya nini nyumbani?

Tangu mwishoni mwa 2020 Tume ya Ulaya ina dirisha moja la kupokea malalamiko ya haki za kazi, ya mikataba yake na ya mpango ule wa nafuu ya ushuru. Tatizo ni kwamba wewe wa Igogo huruhusiwi kulalamika moja kwa moja. Anayeruhusiwa ni raia au mkazi wa kudumu wa Ulaya, kampuni, shirika au chama cha wafanyakazi cha kule. Nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka kwa hasira. Mtendwa yuko Mwanza, dirisha linamfungukia mtu wa Rotterdam. Lakini ndivyo lilivyo, na linatumika: 2022 chama cha Uholanzi, CNV Internationaal, kilipeleka malalamiko ya wafanyakazi wa migodi wa Colombia na Peru, kikishirikiana na vyama vya huko.

Wa kwako unampata kupitia chama chako. Makao makuu yana uhusiano na mashirikisho ya kimataifa. La wafanyakazi wa chakula ni IUF, Geneva. Waambie waandike kwa chama cha nchi ambako katoni zinashukia. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chako kizuri, kutafsiri ni kazi ya baadaye. Iseme nyie ni nani na wangapi, kipi kinatokea, tangu lini, kinavunja kifungu gani cha sheria ya Tanzania na mkataba namba ngapi wa ILO, mmepita ngazi zipi, bidhaa inakwenda kwa nani, mnataka nini. Daftari likae nyumbani. Peleka nakala za kurasa.

"Mnataka nini" ndilo swali gumu

Kuna wanaharakati watakaowaambia mdai soko lifungwe. Fikirini mara mbili.

1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya wavuvi waliokuwa wanatumia sumu. Shangazi yangu alikuwa mezani wakati huo. Walipwaji wa siku ndio waliotangulia kurudishwa nyumbani, bila senti, na kwenye minofu wengi wao walikuwa wanawake. Soko lilifunguliwa baadaye, ukaguzi ukakazwa, na leo kuna maabara ya serikali Nyegezi inayopima sampuli za samaki. Nilijifunza mawili kwenye habari ile. Mnunuzi akiamua, mambo yanabadilika haraka kuliko barua zetu zote. Na adhabu ikishuka juu ya nchi nzima, inamkuta kwanza aliye chini.

Swaziland, sasa Eswatini, iliondolewa kwenye nafuu ya soko la Marekani, AGOA, kuanzia Januari 2015, kwa sababu ya kubana vyama vya wafanyakazi na haki ya kukusanyika. Sheria zikarekebishwa, nafuu ikarudi 2018. Wengine watakuhesabia huo ni ushindi. Mimi nauliza mshona nguo aliyepoteza kazi katikati hapo alikula nini.

Ninaoupenda ni mfano wa Lesotho. Kwenye viwanda vya jinzi vya Nien Hsing wanawake walilazimishwa ngono na wasimamizi ili wabaki kazini. Agosti 2019 vyama vya wafanyakazi na mashirika ya wanawake ya huko yalisaini makubaliano na mwenye viwanda, pamoja na wanunuzi Levi Strauss, Kontoor Brands na The Children's Place. Kikaundwa chombo huru cha kupokea malalamiko, chenye uwezo wa kuamuru msimamizi afukuzwe, na kiwanda kisingetii kingehatarisha oda. Makubaliano hayakudai viwanda vifungwe.

Ombeni la namna hiyo: tishio liwe juu ya oda za kiwanda kimoja, na dawa itajwe wazi. Mikataba ya maandishi kwa walipwaji wa siku, malimbikizo ya ovataimu, chombo huru cha malalamiko ya ngono, aliyefukuzwa kwa kusema arudishwe.

Kwa wa dagaa

Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha ya pamoja ya nchi mbili zinazopakana na uliozalishwa ndani ya Jumuiya, unavuka kwa utaratibu rahisi. Forodha wanakujazia cheti cha uasili kilichorahisishwa hapo hapo mpakani, na huhitaji wakala. Vibali vya mazao ya uvuvi na cheti cha afya vinabaki palepale, vichukue kabla hujapakia. Orodha ya bidhaa iulizie kwenye dawati la taarifa za biashara la mpaka unaotumia. Anayekuambia lazima umlipe kijana fulani "akutolee mzigo" muulize kwa sauti ya kusikika: risiti ya TRA iko wapi? Wengi wanapungua urefu.

Ukizuiwa, andika jina lililo kwenye kitambulisho cha kifuani, saa, kiasi ulichodaiwa. Kila nchi ya Jumuiya ina kamati ya kufuatilia vikwazo visivyo vya kikodi, na malalamiko hupokelewa pia kwa mtandao. Peleka kama kikundi, si kama Mama Fulani.

Uamuzi au kanuni ya serikali ikivunja Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, bila kupitia kwanza mahakama za nyumbani. Zile ibara za 6, 121 na 122 zinaingia hapa. Muda ni miezi miwili tangu uamuzi utoke au tangu ulipoujua, na mahakama hiyo ni kali sana kwenye tarehe. Tafuteni wakili wiki ya kwanza.

Kabla hawajasaini

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Kamati huita maoni ya wadau, na mdau si lazima awe profesa. Kikundi chenye muhuri kinatosha. Mbunge wako wa Ilemela au Nyamagana mpe nakala akiwa jimboni, maana Dodoma hutampata.

Msiandike "tunaomba haki za wanawake zizingatiwe". Sentensi hiyo inapokelewa kwa tabasamu na kusahauliwa. Canada na Chile waliweka sura nzima ya jinsia kwenye mkataba wao 2017, nzuri kusoma, lakini wakaiacha nje ya utaratibu wa kutatua migogoro, kwa hiyo ikivunjwa hakuna wa kumshitaki mwenzake. Ninyi andikeni hivi: vipengele vya kazi na jinsia viingie kwenye utaratibu uleule wa migogoro unaotumika kwa ushuru, mlalamikaji asidaiwe kuthibitisha kuwa biashara imeathirika, chama cha wafanyakazi cha upande wowote kiruhusiwe kulalamika chenyewe, kibarua wa siku ahesabiwe mfanyakazi, anayetoa ushahidi alindwe asifukuzwe.

Na hatua zilenge kiwanda husika. Hili si ndoto. Mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Canada, ulioanza 2020, una utaratibu wa haraka wa namna hiyo, na 2021 ulitumika kwenye kiwanda cha General Motors cha Silao. Februari 2022 wafanyakazi wa pale walipiga kura wakachagua chama kipya. Linganisha miezi hiyo na miaka tisa ya Guatemala, kisha mwekee mbunge mifano yote miwili kwenye barua.

Barua iwe nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Wakikuambia muhuri hauonekani leo, kaa kwenye benchi usubiri uonekane.